Dorka na Kirusi Kilichotoka Natta

Dorka Okal ameingiza vijiti kwenye pua za watoto wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na bado watoto wanampenda. Jambo hili limenisumbua miaka mingi. Mimi nikipita tu na koti langu jeupe wanaangua kilio. Yeye anawachokonoa pua mpaka machozi yanatoka, na wiki inayofuata wanamkimbilia. Nafikiri ni kwa sababu yeye hawadanganyi. Wahudumu wengi humwambia mtoto "haiumi, haiumi," halafu inauma. Dorka humtazama mtoto machoni akamwambia, "Itauma kidogo, nyathina, halafu itaisha." Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo. Kijiji kizima cha Matongo sasa kinalijua neno hilo, hata wazee ambao hawataki kabisa kusikia Kijaluo.

Mimi ni tabibu wa zahanati ya hapa, naitwa Ezekiel, na Dorka ni mhudumu wa afya niliyefanya naye kazi chumba kimoja kwa miaka tisa. Yeye alizaliwa Sirari. Mama yake aliuza mitumba pale mpakani, na nusu ya ukoo wao uko upande wa Kenya. Dada yake Beryl ameolewa Migori. Kabla hajaja kwetu alizaa mtoto wa kwanza akamzika akiwa na miezi mitano. Ulikuwa ugonjwa wa kifua. Siku mbili kabla, mhudumu mmoja alimwambia, "Ni mafua tu, mama, nenda nyumbani." Tangu hapo Dorka hawezi kuvumilia neno "tu" likitamkwa mbele ya mtoto mgonjwa. Aliwahi kunikemea kwa neno hilo mbele ya akina mama kumi na tano, mimi mkuu wake wa kazi. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu niliona kwamba alikuwa na haki, ila sikumwambia.

Mwaka juzi ulikuja utafiti. Daktari mmoja wa Mwanza, Olima, alitaka kufuatilia kirusi ambacho jina lake ni herufi tatu, RSV. Mtu mzima akikipata, ni mafua ya siku chache. Kwa mtoto mchanga kinashuka kifuani, anapumua kama aliyekimbizwa, mbavu zinabonyea, na asipowahishwa tunamzika. Kina tabia nyingine mbaya: mtoto akiugua mwaka huu, mwakani kinaweza kumrudia. Surua haifanyi hivyo. Ikishakupata, mwili hauisahau. Hiki kinabadilika kidogo kidogo, hasa sehemu yake ya nje, ile ambayo kinga ya mwili inaishika ili kukitambua. Tena kina koo mbili, A na B, na kila ukoo una matawi. Kinga yenyewe nayo inachoka upesi. Sisi Wakurya hatuhitaji shahada kuelewa hilo. Ng'ombe wa wizi akichomwa chapa mpya juu ya ile ya zamani, anaweza kupitishwa mbele ya mwenye mali na mwenye mali akaitikia salamu bila kumtambua.

Basi kazi ya Dorka ikawa kuzunguka kwenye nyumba zilizokubali kushiriki, kila wiki. Mtoto akianza kutoa kamasi, anapima kila mtu wa nyumba ile: kijiti puani, kisha kwenye kichupa, kichupa kwenye boksi la barafu, boksi kwenye bodaboda mpaka mjini Tarime. Huko Mwanza kirusi kilisomwa herufi kwa herufi. Zipo elfu kumi na tano na ushei. Viwili vikifanana herufi zote, ujue vimetoka kwa mtu mmoja muda si mrefu. Kituo kingine cha utafiti huo kilikuwa Natta, kule Serengeti karibu na mapori ya akiba, mwendo wa kutwa nzima ukipitia Mugumu.

Nyumba moja tuliyoipata kwa shida ilikuwa ya Mokami, mama mmoja mjane anayekaa karibu na mto. Hapa inabidi nieleze kitu, na ninaomba watu wa mbali wasicheke, kwa sababu wakicheka mimi hukasirika. Mokami hakuzaa mtoto wa kiume. Mume wake, mzee Wangwe, alipofariki, nyumba ile ilikuwa inaelekea kufa. Kwetu kuna njia ya kuiokoa, inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke wa namna hiyo hutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, wanabeba jina la nyumba yake. Mwanamume wa kuzaa naye anakuja na kuondoka. Hana dai lolote. Jina lake halitajwi, na kumuuliza mtu jina hilo ni sawa na kumtemea mate. Mokami alimwoa binti anayeitwa Wegesa, na Wegesa akamzalia mjukuu wa kiume. Wakamwita Wangwe.

Dorka ni Mjaluo, desturi hii alikuja kuijua ukubwani, lakini adabu anayo. Alifika kwa Mokami akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja kuchukua nini?"

"Makamasi ya mtoto, mama. Na yenu pia, akiugua."

"Na damu?"

"Damu hapana."

"Damu ya mtoto huyu haitoki hapa," Mokami alisema. "Nasikia siku hizi damu inasema mtoto ni wa nani. Kuna watu wangefurahi kuisikia."

Kila mtu alijua watu hao ni nani. Ni mtu mmoja, Heche, mdogo wa marehemu, ambaye shamba lake linapakana na la Mokami. Tangu mtoto azaliwe Heche alikuwa akitafuta jina la mwanamume. Akilipata, angewaita wazee wa ukoo awaambie kwamba nyumba ya kaka yake imeingiliwa na mtu ambaye mwenye nyumba hakumwita, kwamba Wegesa ana bwana wake wa siri, kwa hiyo arudishwe kwao na shamba ligawanywe. Na mtoto angebaki mtoto wa watu.

"Mama," Dorka alisema, "makamasi ni makamasi tu. Hayawezi kusema mtoto ni wa nani. Naapa mbele ya Mungu."

Nilikuwepo, nilimsikia. Nilisikia na lile neno "tu", nikalipuuza.

Mokami akakubali. Dorka akatoa fomu, akafika mahali pa jina la baba, akakohoa kidogo. Mokami hakungoja kuulizwa. "Baba yake ni ng'ombe kumi na wawili waliotoka kwenye zizi hili. Andika." Dorka aliandika. Fomu ipo mpaka leo, na mahali pa baba pameandikwa hivyo hivyo: ng'ombe kumi na wawili.

Mwaka wa kwanza mtoto aliugua akiwa na miezi minne. Majibu yalikuja kuwa ni kirusi chenyewe, ukoo A, kama cha majirani. Alipona vizuri. Mokami akasema, huyu sasa ameshamaliza. Dorka alimwambia hapana, mama, hiki hurudi, na Mokami akaitikia vile watu wanavyoitikia, huku akichambua maharage.

Mwaka wa pili, masika yalipokuwa yamekolea, kilirudi. Wegesa alitaka kumleta mtoto siku ya kwanza. Mokami alimzuia: ugonjwa wa kifua huyu alishaugua, hayo ni meno yanaota. Walimleta siku ya tatu, juu ya bodaboda, Wegesa amemfunga kifuani, midomo ya mtoto ina rangi ya zambarau. Nilihesabu pumzi sabini na mbili kwa dakika. Tulimwekea oksijeni, tukampeleka hospitali, akakaa siku sita. Alipona. Mokami alikaa siku zote sita kwenye benchi la hospitali na hakula chakula cha mtu. Yule mama anayefokea hata mbuzi wake aliwapisha wauguzi kichwa kimeinama.

Wiki nne baadaye, mchana, tukiwa tumemaliza kliniki, simu ya Dorka ililia. Alikuwa Daktari Olima. Dorka akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie.

"Dada Dorka, nyumba namba thelathini na moja," Olima alisema. Hiyo ndiyo ya Mokami. "Mtoto yule ana ukoo B. Kijiji chenu chote mwezi ule ni A. Tena ni B yenye mabadiliko mawili sijayaona mahali pengine kwenye sampuli zetu, isipokuwa Natta. Na huko Natta kuna nyumba moja ambayo kirusi chake na cha mtoto wenu ni herufi zile zile, zote. Mwenye nyumba ni mpishi wa kambi ya watalii. Alikuwa na mafua, akachukua ruhusa ya siku chache, hakusema alikokwenda. Naomba uende ukaulize ni nani kutoka Natta alifika nyumba ile."

Dorka aliweka kiganja juu ya meza kama mtu anayezuia meza isiondoke.

"Unanisikia, dada? Si umbea. Natta kimeshapita nyumba kumi na moja. Nusu ya watoto waliougua waliugua pia mwaka jana. Mama zao waliamini wameshapita hapo, wakachelewa, na wawili wamekufa. Kama kimeingia Matongo, watu wajue. Wiki ijayo nakuja kutoa mrejesho kwenye mkutano wa kijiji, nataka kuuonyesha ule mstari wa kutoka Natta."

Simu ilipokatika, Dorka alisema, "Ezekiel, nilimwapia yule mama."

Mimi nilishaona njia rahisi, na rahisi ndiyo ninayoipenda. "Andika hajulikani," nikamwambia. "Twende tukale."

"Anajulikana. Ni sisi hatumjui."

"Hata ukimjua, itamsaidia nani? Watafiti wataandika makala yao, Heche atapata shamba."

"Na watoto wengine?"

Niliwaona wale wawili wa Natta. Tungeweza kuwaambia akina mama wote wakae macho, lakini tunawaambia hivyo kila masika, nao wanatuitikia na kwenda shambani. Dorka akampigia Olima tena kuuliza jambo moja: je, nyumba inaruhusiwa kujitoa? Olima, kwa sauti ya mtu aliyekunywa shubiri, alisema ndiyo, ni haki yao. Wakijitoa, sampuli zao zinaharibiwa na nukta yao inafutwa kwenye ramani. "Ila nukta hiyo ndiyo ushahidi pekee tulio nao Matongo," akasema. "Na kwenye ramani hakuna majina, ni namba." Hapo nilikasirika kweli. Watafiti wanadhani namba inamficha mtu. Nukta moja kando ya mto, na kijiji chote kinajua ni nyumba ya nani, hata mbwa wake.

Tulikwenda kwa Mokami jioni ile ile, jua bado lipo. Alikuwa anapukuchua mahindi. Wegesa amekaa kwenye mkeka, mtoto anamnyonya. Tuliletewa viti. Dorka hakukaa.

"Mama, nilikuapia kitu ambacho sikukijua," alisema. "Nilikuambia makamasi hayasemi. Yanasema. Hayasemi mtoto ni wa nani, lakini yanasema nani alimshika. Nimekosea, na nimekuja kukuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu mwingine."

Mokami aliendelea kupukuchua. "Eleza," alisema.

Dorka alieleza vizuri kuliko mimi, bila haraka: kwamba kila kirusi kina alama zake, kwamba alama zinabadilika kinapopita kwa watu, na kwamba cha mtoto Wangwe hakikufanana na cha mtu yeyote wa Matongo.

"Kwa hiyo mafua yana chapa," Mokami alisema.

"Yana chapa, mama."

"Na chapa ya mafua ya mjukuu wangu ni ya wapi?"

"Natta."

Wegesa alimtoa mtoto kwenye ziwa, mtoto akalalamika. Mokami alitupa gunzi kwenye rundo. Kwa miaka mitatu waliyoishi pamoja hakuwahi kumuuliza binti yule swali hilo, na hakugeuka kumtazama alipouliza.

"Wegesa. Ni nani?"

Wegesa alipiga magoti. "Anaitwa Simoni, mama. Anapika kambini. Nilimjua wakati ule nilipokwenda Mugumu kwa shangazi. Hakutaka kitu chochote, mama, nakuapia. Siku ile ulipokwenda msibani Nyamongo alikuja mchana. Alitaka kumwona mtoto tu. Alikuwa anakohoa. Sikujua, mama. Sikujua ni kitu cha kumuua."

"Alimbeba?"

"Alimbeba. Akalia."

Nilitamani niwe mahali pengine. Mimi nimeona watu wakifa na sikuwahi kutamani hivyo.

Dorka alimwambia Mokami kwamba ana haki ya kujitoa. Akisema neno moja, kesho sampuli zinaharibiwa na alama ya nyumba yake haitaonekana mkutanoni. Heche hataona kitu.

"Na watoto wa wengine?" Mokami aliuliza. "Wale walioshaugua mwaka jana?"

Hapa Dorka angeweza kumpa jibu la kumtuliza. Hata mimi nilimwomba kwa macho. "Mama zao watafikiri wameshamaliza," alisema. "Watachelewa, kama ninyi mlivyochelewa."

Mokami aliokota gunzi jingine. Alipukuchua safu mbili, tatu. "Acha alama yangu ikae hapo," alisema. "Na wewe, inuka. Mtoto ana njaa."

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule. Walikuja watu wengi kuliko tulivyotegemea, kwa sababu ilitangazwa kutakuwa na soda. Daktari Olima alitundika shuka ukutani akairushia ramani yake kwa projekta. Nukta za kijani zilikuwa ukoo A, zimetapakaa kijiji kizima. Halafu kando ya mto nukta moja nyekundu, na mstari mrefu mwekundu unaoshuka mpaka Natta. Alipoanza kueleza mabadiliko ya kirusi, hakuna aliyemsikiliza. Watu wote walikuwa wanauangalia mstari.

Heche alisimama, akavua kofia, adabu tele. "Daktari, tunashukuru kwa elimu. Hii nukta ya mtoni hapa hakuna asiyejua ni kwa nani. Ni nyumba ya kaka yangu marehemu. Sasa huyu aliyekuja na ugonjwa kutoka Natta ni nani? Na aliingia kwa ruhusa ya nani?"

Olima alianza kusema kwamba ramani haina majina. Ningempiga.

"Kwa ruhusa yangu," ilisema sauti nyuma.

Mokami alisimama. Ni mfupi, ilibidi watu wageuke kumtafuta. "Nyumba ni yangu. Nilimwita mgeni, mgeni akaja. Heche, wageni wako wanapokuja kwako, mimi huja kuuliza majina yao?"

Watu walicheka, hasa wanawake. Heche alingoja wamalize. Si mjinga yule. Alimgeukia Dorka, kwa sababu alijua sifa yake kama tulivyoijua sote.

"Dada Dorka, wewe huwa hudanganyi. Unakwenda nyumba ile kila wiki. Ni kweli huyo mtu aliitwa?"

Dorka na mimi tulikuwa watu pekee mle ndani, mbali na Wegesa, tuliojua kwamba Mokami alilisikia jina la Simoni siku nane tu zilizopita. Dorka aliinuka polepole. Miaka yote ile ya kusema kweli kwa watoto na mama zao, na sasa ukweli ulikuwa unataka kumnyang'anya mtoto nyumba.

"Mzee Heche," alisema, "mimi kazi yangu ni makamasi. Nani ameitwa na nani hakuitwa kwenye nyumba ya Mokami, mwenye nyumba amekwambia sasa hivi mbele ya watu wote. Kuna mtu mwingine kwenye kijiji hiki mwenye ruhusa ya kujibu swali hilo kuliko yeye?"

Heche aliangalia wazee wa ukoo waliokaa dawati la mbele. Wazee waliangalia ramani. Mmoja alisema kwa Kikurya kwamba mwenye nyumba ameshasema, na wenzake wakaguna kukubali. Heche akakaa, akavaa kofia yake.

Mokami alikuwa bado amesimama. "Mnauliza habari za mgeni," alisema, "hamuulizi habari za mtoto. Mjukuu wangu aliugua mwaka jana. Dorka aliniambia ugonjwa huu hurudi, nikaona ni maneno matupu. Uliporudi nikasema meno. Mama yake alitaka kumpeleka hospitali, mimi nilimzuia siku mbili. Mimi. Nilikaa kwenye benchi najua kwamba nimemuua kwa mdomo wangu. Nyinyi wenye watoto, msikae kama nilivyokaa mimi." Akatoka nje bila kungoja soda.

Somo la Olima lilikuwa na picha za rangi na mishale, na sidhani kama kuna mtu analikumbuka. La Mokami walilikumbuka. Ndani ya wiki tatu waliletwa watoto tisa, wengine wanapumua vizuri kabisa na mama wamekuja kwa hofu. Sita walikuwa na kirusi kile cha Natta. Wanne kati yao walikuwa wameugua mwaka jana. Wote walikuja mapema na wote wapo. Nilimuuliza Dorka kama anahesabu alichosema mkutanoni kuwa ni uongo. Alisema hajui, na kwamba nisimuulize tena.

Mwezi wa saba mtu wa bodaboda alileta ujumbe zahanati: "Mokami anasema mgeni wake amekuja, ana mafua, njoo na vijiti vyako." Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikwenda na Dorka, sikuitwa, nilitaka kuona.

Simoni ni mtu mrefu, mpole, mwenye alama za mafuta ya moto mikononi kama wapishi walivyo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa zizi, peke yake, hatua kumi kutoka mlangoni. Hakuna aliyemwambia akae mbali. Mtoto Wangwe sasa anatembea. Alipomwona mtu mpya alimwendea akiyumbayumba, mikono juu, na Simoni akanyoosha mkono kumzuia na kugeuza uso pembeni ili asimkoholee. Wegesa alikuja mbio akamchukua. Mtoto alilia kwa hasira.

Dorka alimpima, akafunga kichupa, akatoa fomu. Jina, umri, mahali anapokaa. Simoni alijibu kwa sauti ya chini. Kisha Dorka akafika kwenye mstari unaofuata, na ilimbidi ausome.

"Uhusiano wako na mtoto?"

Mokami alikuwa mlangoni, amesikia. Wegesa aliinamisha kichwa juu ya kichwa cha mtoto. Simoni alimtazama Mokami, akamtazama mtoto aliyekuwa bado anamlilia.

"Mgeni," alisema.

Dorka aliandika.

"Akikaribia utamwambukiza tena," alimwambia, kwa sauti ile ile anayotumia kwa watoto. "Subiri siku nane. Zikiisha siku nane na kikohozi kikiwa kimekwisha, umbebe utakavyo. Mama amesema sawa."

"Siku nane," Simoni alisema. Akazihesabu kwa vidole vilivyoungua, akafika kidole cha tatu akaacha. "Kambini wamenipa ruhusa ya siku tatu."